Kopo Lenye Kitambaa Chekundu

Haya sikusimuliwa. Niliyaona mwenyewe mtaani Jericho, mwaka wa 1979, na aliyepatwa nayo ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Nilikuwa karani wa faili serikalini kwa miaka thelathini, kwa hivyo nimezoea mambo yenye tarehe, sahihi na muhuri. Hili halina muhuri.

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi zote. Wanawake walikuwa mferejini wakifua, redio tatu zikisoma habari moja, na Zubeiri alikuwa nje na ndoo yake, akiosha Peugeot ya serikali yenye rangi ya krimu. Alikuwa dereva wa idara ambayo sitaitaja, maana bado napokea pensheni. Aliruhusiwa kulaza gari nyumbani kwa sababu karakana ya idara ilikuwa inapakwa rangi.

"Karani," aliniita, "njoo uone balaa."

Kokoto zilikuwa zimebandua rangi. Mahali panne kwenye boneti, pawili mlangoni, na mahali pamoja chini ya taa ya kushoto. Kila tundu lilikuwa dogo kama punje ya dengu.

"Si ujaze fomu?"

"Fomu inauliza gari lilipigwa na kokoto wapi. Kitabu cha safari kinasema juzi lilikuwa limeegeshwa kutwa. Sasa niandike kokoto zilinifuata maegeshoni?"

Ukweli ni kwamba alikuwa amempeleka mkewe, Muhiba, mazikoni upande wa Machakos, barabara ya changarawe, nyuma ya lori. Jumatatu saa mbili asubuhi mkaguzi, Bwana Dishon, angekuja kulichukua. Mwezi uliotangulia dereva mwingine alikuwa amefutwa kazi kwa taa iliyopasuka, na taa yenyewe ilikuwa imepasuka kabla hajaajiriwa.

Zubeiri alijua kazi ile. Unakunja kipande cha msasa, unasugua kutu ndani ya tundu tu, unafuta kwa thina, ile ya kuyeyusha rangi. Kisha unadondosha rangi kwa njiti ya kiberiti, si kwa brashi, kwa sababu brashi huacha ukingo. Unangoja ikauke. Tone la pili, halafu la tatu, mpaka tundu lijae sawa na bodi.

Rangi alikuwa ameitoa kwa fundi Makokha, nyuma ya Soko la Burma. Makokha hakuwepo, alikuwa ameenda kula nyama. Fundi wa rangi hatupi masalio, na rafu ya Makokha ilikuwa na makopo nusunusu ya miaka kumi. Krimu ilikuwa moja tu, imesukumwa nyuma kabisa, imefungwa kitambaa chekundu. Zubeiri alimwachia muuza nyama wa jirani ujumbe, akalichukua lile kopo. Kitambaa alikigeuza cha kufutia thina.

Alipomaliza tone la kwanza kwenye matundu yote saba, Muhiba alichungulia mlangoni.

"Baba Lela, mtoto ana vipele."

Lela alikuwa na miaka sita. Walimpata baada ya miaka tisa ya dua na zahanati, na hakukuwa na mwingine. Alipelekwa kliniki, ikaandikwa tetekuwanga, akapewa dawa ya waridi ya kupaka na kadi ya kurudi baada ya wiki mbili.

Jumapili asubuhi Zubeiri alianza tone la pili. Nilisimama kando yake na chai mkononi. Njiti ilipogusa boneti, Lela alipiga kelele ndani ya nyumba.

Zubeiri aliinua njiti. Kimya.

Akadondosha kwenye tundu lililofuata. Kelele.

"Ni homa," alisema, bila kuniangalia.

"Ngoja kidogo, jirani."

Hakungoja. Alidondosha la tatu, la nne, mpaka la saba, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. La mwisho, lile la chini ya taa, halikuleta kelele yoyote.

Chai yangu ilikuwa imemwagika. Sikujua ilimwagika saa ngapi.

Tuliingia. Lela alikuwa amelala kifudifudi. Muhiba aliinua gauni. Mgongoni palikuwa na matundu manne, hayana damu wala usaha. Ngozi haikuwepo tu. Mawili yalikaribiana, moja chini, la nne peke yake pembeni.

Zubeiri alitoka akaangalia boneti. Akarudi akaangalia mgongo. Akatoka tena.

Mawili yalikuwa mbavuni. Muhiba alisogeza nywele za mtoto, na nyuma ya sikio la kushoto lilikuwepo la saba.

"Nesi Kadija wa kliniki anasema tetekuwanga," alinong'ona. "Wewe unasema nini?"

Zubeiri alimgeukia mtoto. Lela alikuwa anajaribu kusema. Mdomo ulifunguka, ulimi ukasogea, sauti haikutoka.

Saa tisa mchana Makokha alifika mbio, amelowa jasho. Ujumbe ulikuwa umemfikia.

"Kopo liko wapi? Nani amefungua kitambaa nilichokifunga lisiguswe?"

Alitueleza akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu, kwa sauti ya chini. Mwaka uliopita bwana mmoja alimletea gari la krimu limebonyea mbele. Kwenye bampa palikuwa na nywele. Makokha hakuuliza. Alinyoosha bati, akachanganya rangi, akapaka. Wakaguzi wakaja, wakaliona gari halina alama, wakaandika kwamba halikumgonga mtoto yeyote. Faili ikafungwa. Mtoto alikuwa amezikwa tayari, lakini hilo halikuwa na sehemu yake kwenye fomu.

"Halafu bibi wa yule mtoto akaja gereji. Mama mzee. Hakupiga kelele. Alitia mkono ndani ya kopo mpaka hapa." Alionyesha kifundo cha mkono. "Akasema, 'Mtakachofunika kwa rangi hii kitafunguka kwa mtoto wa aliyekifunika.' Akafuta mkono kwa leso, akaenda zake."

"Na yule bwana?" niliuliza.

"Alikuwa na binti. Usiniulize zaidi, Karani."

Zubeiri alimshika ukosi. "Na hukuimwaga?"

"Nitamwagaje rangi nzuri, Zubeiri?"

Alipojisikia amesema hivyo, alijifunika mdomo.

"Itoe," alisema baadaye. "Yote. Mpaka uone chuma."

Matone yale hayakuwa yametimiza hata siku mbili. Thina ingetosha kuyafuta. Haikufua dafu. Msasa uliteleza. Makokha alileta bapa la kisu, kisha kipande cha msumeno wa chuma, na rangi ikakatika vumbi kwa vumbi, ngumu kama imepakwa miaka ishirini iliyopita. Tundu la kwanza liliwachukua saa mbili. Chuma kilipotokea, Muhiba aliita kutoka ndani, "Moja limefumba!"

Wakaendelea. Jua likazama, likachomoza. Hakuna aliyekula. Mimi nilikuwa nashika taa, baadaye nilikuwa nashika kisu. Kila tundu lililofika chuma, moja lilifumba mwilini. Lakini pumzi za mtoto zilikuwa zinapungua haraka kuliko matundu. Muhiba alikuwa anazihesabu kwa sauti, na kati ya moja na nyingine ungeweza kusema bismillahi mara tatu.

La sita lilifika chuma saa mbili kasorobo. Likabaki la chini ya taa.

Bwana Dishon alifika saa mbili kamili. Nadhani ni siku pekee katika utumishi wake aliyofika kwa wakati. Alikuja na askari wawili, akamkuta dereva wake amepiga magoti akikwaruza gari la serikali kwa msumeno.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Mzee, limebaki moja. Nipe dakika kumi."

"Toka hapo."

"Nifute kazi. Nifunge. Nitaweka sahihi popote unapotaka. Lakini nimalize hili moja, mzee, mtoto wangu anakufa."

"Kama una ombi, liandike."

Sikucheka wakati huo. Wala sasa sicheki.

Askari walimwondolea msumeno. Alirudi kwa kucha. Walimvuta miguu, akawa amening'inia kwenye bampa, anakwaruza, kucha zinakatika, damu inachora mistari kwenye krimu. Gari liliwashwa. Lilirudi nyuma. Aliburutwa hatua saba, nane, kisha mikono ikaachia.

Ndani ya nyumba, Muhiba alikuwa ameacha kuhesabu.

 Kisha tukasikia kikohozi kidogo. Lela alivuta pumzi moja ndefu, akaomba maji.

Zubeiri alifutwa kazi kwa kuharibu mali ya serikali, makosa sita. La saba halikuandikwa, maana lilikuwa limetengenezwa vizuri. Kwa miaka saba alilitafuta gari lile kwenye minada na yadi za vyuma, na kucha zake hazikuota tena sawasawa. Alikufa bila kulipata. Baadaye nililitafuta mimi kwa njia ninayoijua. Faili ipo. Ukurasa wa jina la mnunuzi haupo.

Tundu la nyuma ya sikio lilifumba, ila si kwa ngozi. Palibaki doa la krimu, laini, linang'aa. Daktari aliandika: alama ya kuzaliwa.

Lela sasa ana miaka kumi na sita. Idi iliyopita aliniletea sambusa, akaketi kwenye kochi, tukaongea habari za shule. Aliegemeza kichwa nyuma, kama wanavyofanya vijana waliochoka. Alilalamika kwamba nyuma ya sikio la kushoto panamwasha tangu mvua zianze.

"Mwonyeshe mama yako," nilimwambia.

"Nimemwonyesha, mzee. Ananiangalia tu, analia."

Alipoondoka nilikusanya vikombe. Kwenye kitambaa cheupe cha kochi, pale alipoegemea, palikuwa na duara dogo la hudhurungi, kama punje ya dengu. Niligusa. Nikanusa kidole.

Kutu, kama ya gari lililoachwa mvuani.

Nimekifua kile kitambaa mara tatu, na duara halitoki.