Aliye Chini ya Kizibo

Kwanza apa. Weka mkono kifuani useme: nikimwambia mtu, ulimi wangu uvimbe nishindwe kumeza mate.

Umeapa? Vizuri. Mimi nami niliapa hivyohivyo, na tazama, bado nameza michembe, viazi vyetu vikavu. Sogea.

Mwaka wa tisini na sita walikuja watu wa kutoboa ardhi karibu na Mwakitolyo. Walitafuta dhahabu, wakakuta hewa. Hewa yenyewe inanuka mayai viza, inapanda na tope, na inashika moto kuliko mafuta ya taa. Ndipo wakaleta kizibo cha chuma, wakakifunga mdomoni mwa shimo, kama vile vya visima vya gesi huko pwani. Ubavuni kina gurudumu. Ukilizungusha, taya mbili za mpira zinakutana ndani, hewa inabaki chini. Ukilirudisha nyuma, inapanda. Na ikipanda ikakuta moto, kambi nzima imekwisha.

Fundi wa kizibo alikuwa Donatus, mpangaji wangu. Mwanaume mzuri, siwezi kudanganya. Mkewe Ghati, Mkurya wa Tarime, alimpenda kwa ule upendo wa kunusa mashati.

Na mashati yalinuka grisi. Valerian, mpishi wa kambi, ndiye aliyenidokeza: kila jioni Donatus hukipaka kizibo grisi kwa kiganja, polepole, huku akikinong'oneza. Nyumbani sasa? Anaonja ugali, anageukia ukutani.

"Mama Mageni," Ghati aliniambia siku moja tukiteka maji, "mwanaume akishiba nje, sahani inasema."

"Nje wapi? Kambini hakuna mwanamke hata wa dawa."

"Juu ya ardhi hayupo."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jioni moja, jua linazama, nikapeleka michembe kambini. Valerian alikuwa anapapasa mifuko akitafuta kiberiti awashe jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona kimya hivi?"

"Mitambo imezimwa, mabomba yametolewa. Wenzangu wanaoga."

"Na yule pale shimoni?"

"Shimoni hakuna mtu, mama."

Alikuwepo.

Amejitanda shuka jeusi, amepiga magoti, amekikumbatia chuma kile... Upepo ukageuka. Nikanusa mayai viza. Na katikati ya uvundo ule, sijui nikuelezeje... mafuta ya nazi. Kama ya mwanamke ambaye ametoka kusukwa sasa hivi.

"Toka," yule mtu alinong'ona. "Toka nikuone sura."

Kriii... Gurudumu.

Huko chini, kitu kikavuta pumzi.

"Toka. Nimechoka kulala na mgongo wake."

Sauti nikaitambua. Ghati.

Nyuma yangu Valerian alikuwa amekipata kiberiti. Nikamkung'uta mkono, njiti zikamwagika mchangani. Kisha nikapiga mwano, lile yowe la kuitia sungusungu, hadi koo likakwaruza.

Wakaja mbio na taulo viunoni, sabuni masikioni, tochi mikononi. Mwanga ukamwangukia Ghati. Mikono yote miwili kwenye gurudumu, grisi hadi viwikoni. Tope lilishaanza kutema kandokando ya chuma.

"Ghati, achia," Donatus akasema. "Utatuua."

"Mwambie yeye aje aniambie niachie."

Donatus akamsukuma pembeni. Akalivuta gurudumu, mishipa ya shingo ikamsimama. Taya zikakutana. Tope likakatika. Harufu ikaanza kupungua.

Tukashusha pumzi.

Lakini ile pumzi ya chini haikukoma.

Chini ya chuma kilichofungwa... kwikwi. Kwikwi ya mtu anayelia huku amejiziba mdomo kwa kanga. Valerian akanishika mkono.

Donatus akasahau kwamba tupo. Akapiga magoti palepale mkewe alipokuwa. Akalaza shavu juu ya kizibo, akakipapasa kwa kiganja, polepole.

"Nyamaza, mke wangu," akanong'ona. "Hatarudia."

Kwikwi ikakoma.

Tochi zikamwacha Ghati. Moja ikahama, na nyingine, na nyingine, zote zikatua juu ya Donatus, shavu lake bado limelala kwenye chuma.

Ghati alikaa kwenye tope, akajifuta grisi kwa pindo la shuka.

"Haya," akasema, bila hata kupandisha sauti. "Nimewafumania. Na ninyi mmeona."