Miche ya Kituoni

Kila Jumamosi alfajiri Felista alishuka mlimani akiwa na kikapu cha maharage kichwani. Mbele alitangulia Mjomba Severini, kaka wa mama yake, akiwa na mti begani na mkungu wa ndizi kila upande. Nyuma alikuja mama, aliyelalamikia magoti yake kutoka Lukuyu, kijiji chao, mpaka chini kabisa.

"Kupanda kunaumiza kifua, kushuka kunaumiza magoti," alisema kila wiki. "Sijui Mungu alitaka Waluguru wapumzike wapi."

Walipumzika Kituoni. Hicho kilikuwa kiwanja kando ya mto, pale njia ya mlimani inapoingia mjini Morogoro. Hakikuwa cha mtu mmoja. Wa mlimani walitua mizigo yao hapo, wa mjini waliketi hapo jioni kupunga upepo, na watoto wa pande zote mbili walicheza hapo mpaka waitwe mara tatu.

Hizo zilikuwa zama za Mjerumani. Reli ilikuwa imefika Morogoro miaka mitatu nyuma, na ilipofika, miti mikubwa ya Kituoni ilikatwa ikawa kuni za gari la moshi. Kikabaki kiwanja cheupe, kinachochoma nyayo ifikapo saa nne. Wengi walisikitika, wakanung'unika, wakazoea. Bi Mwaisha, muuza vitumbua wa mjini, hakuzoea. Alianza peke yake kwa kufagia na kuondoa mawe. Jumamosi iliyofuata walikuwa watu wanne, na mwezi haukuisha wakawa zaidi ya ishirini.

Hakuna akida aliyewaamuru, wala jumbe aliyeandika majina yao. Kazi za amri zilikuwa nyingi siku hizo, na kila mtu alizijua kwa maumivu ya mgongo. Labda ndiyo sababu kazi hii ya hiari ilikuwa tamu. Soko likiisha, watu wa mlimani na wa mjini walibaki Kituoni mpaka jua lianze kulegea. Walipasua magogo ya viti, wakachimba mfereji wa maji ya mvua, na wakataniana bila huruma.

Mtaniwa mkubwa alikuwa Mzee Stambuli. Yeye alikuwa Mzigua, na Wazigua na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu. Mguu wake wa kushoto ulivunjika wakati wa kujenga reli, ukaunga vibaya. Aliishi hatua chache kutoka Kituoni na mbuzi wake wanne, aliowachunga ukingoni mwa mto kwa sababu mguu haukumruhusu kwenda mbali zaidi. Viti vyote vya Kituoni vilichongwa na mikono yake.

"Mtani," Mjomba Severini alizoea kumwambia, "huyo mbuzi wako mweupe ana akili kuliko Wazigua wote."

"Kweli kabisa," Mzee Stambuli alijibu. "Ndiyo maana nimemkataza kuzungumza na Waluguru."

Masika yalipoanza, walipanda miche thelathini ya mikangazi, miti ya kivuli, iliyochimbwa kwenye korongo la mlimani. Felista alipewa miche kumi na miwili iliyo kandokando ya njia. Alifurahi sana. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kupewa kazi ya kujisimamia mbele ya watu wengi namna ile.

"Sikilizeni wote," Bi Mwaisha alisema kabla hawajatawanyika. "Msiweke nyasi kavu shinani. Huku bondeni kuna mchwa."

Felista alisikia vizuri, lakini alicheka moyoni. Tangu lini watu wa mjini wakajua kulima? Kule Lukuyu bibi yake alimfundisha kwamba udongo hauachwi uchi. Mwaka hadi mwaka walitandaza nyasi kavu shambani, na maharage yao yalinawiri hata mvua ikikawia. Hakujua kwamba kule juu baridi iliwazuia mchwa, na huku chini hakuna cha kuwazuia.

Basi wenzake walipokwenda mtoni kunawa, alikusanya nyasi kavu akazizungushia miche yake yote. Ili Bi Mwaisha asione, akazifunika kwa udongo kidogo. Akatazama kazi yake akaridhika. "Yangu itawapita yote," alijiambia.

Wiki ya tatu mvua zilikatika, jua likawaka. Jumamosi ile Felista aliwaacha mama na mjomba wakitua mizigo kwenye kijito cha juu, akatangulia na kibuyu cha maji ili anyweshe miche yake. Alipofika alisimama kama aliyepigwa. Miche saba ilikuwa imelala chini. Aliushika mmoja, ukatoka mkononi bila kuvutwa. Shina lilikuwa limetafunwa pande zote usawa wa ardhi. Alifukua. Nyasi zake zilikuwa zimejaa udongo mbichi, na ndani yake mchwa weupe walikimbia huku na huku.

Aliona aibu, na aibu ikamtia hofu. Haraka haraka alizitoa nyasi za ile miche saba, akazitupa mtoni, akasawazisha udongo kwa kiganja. Hakuwahi kufika kwenye mitano iliyobaki, kwani mbuzi wa Mzee Stambuli walikuja na kuanza kula majani ya miche iliyolala. Wakati huohuo Mjomba Severini akatokea njiani.

"Haya tazameni!" mjomba alipaza sauti. "Mbuzi wamemaliza miche!"

Watu wakaja mbio. Mbuzi mweupe alikuwa bado na jani mdomoni, akitafuna taratibu bila wasiwasi wowote. Ushahidi gani tena ungetafutwa?

"Mtani," Mjomba Severini alisema, na safari hii hakucheka, "tumetoa jasho letu hapa ili wewe ulishe mifugo?"

Watu walisubiri jibu la utani. Mzee Stambuli aliitazama miche, akawatazama mbuzi wake, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Asubuhi niliwafunga. Sijui kamba ililegea saa ngapi. Nisameheni."

Felista alikuwa amekumbatia kibuyu chake. Alitaka kusema kweli, akarudi nyuma ya watu. Watu walikubaliana kwamba mbuzi wasionekane tena ukingo ule wa mto. Hakuna aliyepinga, hata Bi Mwaisha.

"Basi nitawauza," Mzee Stambuli alisema. "Mguu huu hautafika malisho mengine. Kuna mchinjaji wa Kilosa, anakuja na gari la moshi Jumamosi ijayo."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Chakula kilimshinda Felista. Mama alidhani ni homa, akamchemshia mizizi michungu, naye akainywa yote bila kulalamika, jambo lililomtia mama wasiwasi zaidi. Katika shule ya misheni, mwalimu alimwuliza swali rahisi la hesabu naye akajibu, "Saba." Jibu halikuwa saba.

Alijaribu kujifariji. Mbuzi si wamekula majani kweli? Lakini majani yalikuwa yamekwisha kuanguka, na yeye ndiye aliyejua yaliangushwa na nini. Kila alipofumba macho alimwona Mzee Stambuli akiomba msamaha kwa kosa lisilo lake.

Jumamosi ilipofika aliteremka mlima upesi kuliko siku zote. Kituoni alimkuta Mzee Stambuli ameketi kwenye kiti alichokichonga mwenyewe, ameshika kamba nne. Mchinjaji alikuwa ameinama akimpapasa mgongo yule mbuzi mweupe. Bi Mwaisha alikuwa akichoma vitumbua pembeni, uso ameuelekeza kwingine.

Felista alitua kikapu.

"Shikamoo babu. Usiwauze."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nisiwauze kwa nini?"

"Si wao walioua miche. Ni mimi." Safari hii hakurudi nyuma. "Niliweka nyasi kavu. Bi Mwaisha alitukataza, nikaweka. Mchwa wakaja. Nilipoona, nikazitupa mtoni, nikanyamaza. Mbuzi walikuta miche imekwisha anguka."

Mjomba Severini, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, alishusha mzigo wake. "Felista! Unasema nini?"

Felista aliikimbilia miche yake. Alipiga magoti kwenye mmoja wa miche mitano iliyobaki, akafukua kwa vidole. Nyasi zikaonekana, na mchwa wakatawanyika kwenye mwanga. Bi Mwaisha aliacha vitumbua vyake, akachuchumaa, akatazama kwa muda. Kisha akatikisa kichwa.

Mjomba Severini alivua kofia. "Mzee wangu, nimekukosea. Niliona jani mdomoni mwa mbuzi, sikutaka kuangalia shina. Nisamehe."

Mzee Stambuli alimvuta mbuzi mweupe karibu yake. Halafu akamgeukia mchinjaji. "Bwana, pole kwa safari. Mbuzi hawauzwi." Akamgeukia Severini, akanyoosha kidole kwenye ndizi. "Na wewe Mluguru, mkungu mmoja ni wangu. Ule mkubwa. Mbuzi wangu wametukanwa mbele za watu, wanataka maganda."

Watu wakaangua kicheko. Kwa watani, faini kama hiyo haikataliwi, na Mjomba Severini alimbebea mkungu mpaka mlangoni kwake.

Bi Mwaisha alileta majivu ya jiko lake kwenye ungo. Yeye na Felista waliondoa nyasi zote, wakaua mchwa waliobaki, wakamwaga majivu kuzunguka mashina. Mitano ile ingepona. Mahali pa ile saba walichimba mashimo mapya.

"Mwanangu," Bi Mwaisha alisema wakiwa bado wamechuchumaa, "nyasi zako hazikuwa ujinga. Mlimani kwenu ni dawa. Kosa lako la kwanza ni kudharau aliyekuonya, nalo limetugharimu miche saba. Hiyo si kitu, mvua zikirudi tutapanda mingine. Kosa la pili ni kunyamaza mtu akibeba lawama yako. Mche ukifa nitakuletea mwingine kutoka korongoni. Jina zuri la mtu likifa, utakwenda kulichimba wapi?"

Felista alilia kidogo, akajifuta kwa mkono uliojaa majivu. Aliinuka akamfuata Mzee Stambuli, aliyekuwa akiwafungua mbuzi kamba.

"Babu, umenisamehe?"

"Nimekusamehe," alisema mzee. "Wiki nzima nilitaka kusamehe, mjukuu wangu. Ila sikujua nimsamehe nani."