Baada ya Nagaa

Jua lilikuwa linazama Isiolo wakati Tiya alipotoka dukani na majani ya chai kwenye fundo la leso, akapitia kibanda cha Khadar, fundi wa simu. Ikra, binti ya Tiya, alikuwa amemtangulia hapo.

Tiya alitaka simu iache kumtisha. Tangu kiangazi kianze, vikundi vya habari vilimletea mizoga, kisha maiti za watu, hata akiwa anakula. Mwanawe Abdinasir alikuwa malishoni ng'ambo ya Biliqo na mbuzi wote wa nyumba ile. Kila alipoona picha ya miguu iliyochomoza chini ya shuka, Tiya aliona miguu ya mwanawe.

"Kuna programu ya kuchuja habari," Khadar alisema. "Unaiambia unachotaka na usichotaka. Hata ujumbe wa watu inaupitia kwanza."

"Nataka Biliqo. Mvua. Malisho. Kifo sitaki. Mafuriko, uvamizi, mtu kupotea... sitaki."

"Mama Nasir, ukichuja hivyo itabaki bei ya mbuzi tu."

"Ikishuka, nayo ichujwe."

Wakacheka wote watatu.

Ni vigumu kumlaumu. Wazee wake Waborana walikuwa na chujio lao kabla ya simu. Mgeni akifika huulizwa: mvua nagaa? Mifugo nagaa? Watoto nagaa? Naye hujibu nagaa, yaani amani, hata kama ametoka kuzika. Akishakunywa chai, ndipo mwenyeji humuuliza, "Na baada ya nagaa?" Hapo ukweli hutolewa. Tiya alichukua ile nusu ya kwanza tu.

Siku chache baadaye simu ikalia: mvua kubwa imenyesha Biliqo. Tiya alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Kesho yake jioni, adhana ya magharibi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, sauti iliita nje ya ua wa miiba.

"Salaam aleikum, Ayo."

Ayo ni mama. Ni Abdinasir tu aliyemwita hivyo. Ikra wa mjini alisema Mama. Tiya akakimbilia uani. Mwanawe alikuwa amesimama upande wa pili wa miiba, shuka imemganda mwilini, amelowa chapachapa.

Isiolo mvua haikuwa imenyesha hata tone.

"Waleikum salaam, mwanangu! Mvua nagaa?"

"Nagaa."

"Mbuzi nagaa?"

"Nagaa."

"Na wewe, nagaa?"

Maji yalidondoka kwenye ncha ya shuka. To... to... to...

"Nagaa, Ayo."

Ndipo harufu ikamfikia. Tope. Tope jipya la laga, ule mto mkavu unaofumka siku moja na kubeba kila kitu. Tope lenye mizizi mibichi iliyong'oka.

"Nina kiu," akasema.

Birika lilikuwa linachemka jikoni. Tiya akaingia, akalishika. Akaliachia, akarudi uani. Kwa maana mgeni akinywa, husema.

"Chai haijaiva, mwanangu," akanong'ona. "Njoo kesho."

Alipoinua macho hapakuwa na mtu. Mahali alipokuwa amesimama, vumbi lilikuwa kavu.

Akaja kesho. Akaja keshokutwa. Kila jioni nagaa, kila jioni kiu, kila jioni uongo ule ule wa chai. Maji yalimtiririka usoni, lakini midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Mama, unamngoja nani hapo uani?" Ikra aliuliza.

"Kaka yako."

"Amepiga simu?"

"Ana nagaa."

Jioni iliyofuata Abdinasir hakuweza kusimama. Alikuwa amepiga magoti, akilamba maji yaliyotiririka kwenye mkono wake. Ulimi ulirudi mkavu.

"Wewe mama," alisema, kama mtu anayeomba kwenye nyumba asiyoijua. "Nina kiu."

Hakumwita Ayo.

Hapo Tiya akashindwa. Alimimina chai, akatia maziwa, akatia sukari kama ya mtoto, akapenyeza kikombe katikati ya miiba. Vidole vilivyokipokea vilikuwa baridi. Alikunywa bila kupumua. Tiya akasubiri mpaka tone la mwisho, kisha akauliza, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Na baada ya nagaa?"

"Mbuzi walivuka, Ayo. Yule mweupe mwenye mimba alibaki nyuma. Nikamrudia. Laga ikaja na mngurumo kama wa lori." Alisema taratibu, kwa mpangilio, kama mchungaji anavyosema. "Niko chini ya mgunga ulioanguka, kwenye kona ya mchanga mwekundu. Wanapita juu yangu wakiniita. Nawasikia. Sauti yangu haitoki."

Kikombe kikaanguka kwenye miiba.

Usiku ule ule Tiya akamkabidhi Ikra simu. Ikra alipoiondoa ile programu, ujumbe uliozuiwa ulimwagika. Wote ulitoka kwa Denge, shemeji ya Tiya aliyechunga pamoja na Abdinasir, ambaye alikuwa akipanda kilima kutafuta mtandao. *Shemeji, mafuriko yametupata, kijana amefika huko? Shemeji, amepotea tangu mafuriko. Shemeji, mbona hujibu?* Tiya akamwandikisha Ikra jibu moja: mgunga, kona, mchanga mwekundu.

Denge alifika baada ya maziko. Alikuwa mtu mzima asiye na maneno mengi. Alikalia mkeka, akatazama mikono yake.

"Nani alikuambia, shemeji?"

"Mwenyewe."

Denge hakubisha. Amechunga miaka mingi, hayo ameyasikia.

"Matawi yalikuwa yameinua tope," alisema hatimaye. "Kulikuwa na kijishimo cha hewa mbele ya uso wake. Kichwa chake kilikuwa huru. Na shemeji... tulipomtoa, hakuwa ameharibika. Kifua kilikuwa na joto."

Ikra akashika ukuta.

"Joto la nini?" Tiya akauliza polepole.

"La jua," Denge alijibu haraka. "Mchanga ule hupata moto sana, shemeji. Ni jua tu."

Lakini walimchimbua kwa tochi, kabla ya alfajiri.