Vidonge Ndani ya Chungu cha Michembe

Kila asubuhi kabla ya shule, Milembe alimpelekea mama yake uji na kidonge chekundu. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma, kisha akakimbilia darasani.

Mama yake, Mektilda, alikuwa na saratani ya titi. Daktari wa mjini Bariadi alikataa kumpasua upesi. "Damu yako ni kidogo mno," alimwambia. "Meza kwanza vidonge hivi vya kuongeza damu, ipande."

Mwaka huo wanunuzi binafsi wa pamba walifika kijijini kwao Nkoma na mizani yao, na baba, mzee Mayige, alishinda huko akivutana nao juu ya bei. Milembe akabaki na mgonjwa.

Jioni moja alitia mkono katika chungu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Chini kabisa akagusa vidonge. Akavichota, akamwonyesha mama.

"Mayu, kumbe humezi?"

"Choo changu kimekuwa cheusi kama mkaa, mwanangu. Hiyo si dawa, kuna mtu kanirushia uchawi. Usimwambie baba yako, wala daktari."

Milembe akavirudisha chunguni. Alisifiwa siku zote kwa utii, lakini utii huu ulimlemea. Viganja vya mama vilizidi kupauka, na kufika kisimani tu kulimtoa jasho.

Siku ya upasuaji ikafika, Milembe akampeleka mama hospitalini Bariadi. Daktari alitazama majibu ya maabara, akakunja uso. "Damu imeshuka zaidi. Vidonge ulimeza?"

"Vyote," mama alijibu.

"Basi havikusaidii, na uvimbe unakua. Itabidi tukupasue leo hivyo hivyo, ingawa ni hatari."

Milembe alipaza sauti. "Hakumeza! Vyote vimo chunguni!"

Mama akageukia ukutani. Daktari akakaa kitandani pake, sauti imeshuka. "Mama Milembe, vidonge vile ndivyo hugeuza choo kuwa cheusi. Nilipaswa kukuambia, sikukuambia. Nisamehe. Lakini leo ungeweza kufia mezani."

Upasuaji ukaahirishwa. Baba alitoa damu, mama akameza vidonge mbele ya muuguzi. Alipopasuliwa, saratani ilikuwa imeshafika kwapani. Kidonda kilichelewa kupona, na mkono wake haukuchuma pamba tena. Hata hivyo alirudi Nkoma akiwa hai.

Alimwita Milembe karibu.

"Nilikuagiza unyamaze, ukanitii, nusura unizike. Dawa ikinitisha, nitamuuliza daktari. Na wewe, mtu yeyote akikuagiza ufiche ugonjwa, hata nikiwa mimi mama yako, usimtii."