Marahaba ya Bibi Selestina

Kila siku baada ya shule Shamimu alibadilisha sare, akajitwika beseni la karanga na kwenda kituo cha mabasi cha Mikumi. Karanga hizo mama yake alizikaanga uani kwao. Lakini wauzaji walikuwa wengi na karanga zote zilifanana, kwa hiyo msichana huyo wa darasa la sita akabuni mbinu yake.

"Karanga za Bibi Selestina wa Vidunda," alinadi. "Ana miaka tisini, anakaangia chunguni huku anaimba."

Bibi huyo hakuwapo kabisa duniani. Hata hivyo, beseni lilikuwa likiisha mapema.

Mzee Urbanus, aliyepita kila Ijumaa kwenda Iringa kumwona mwanawe, alimwambia kutoka dirisha la basi, "Mama yangu naye alikaangia chunguni. Mfikishie bibi shikamoo yangu."

Ijumaa iliyofuata akauliza, "Ilifika?"

"Ilifika, babu. Amesema marahaba."

Ijumaa ya tatu mzee aliteremka na kifurushi. "Blanketi la bibi. Huko Vidunda milimani kuna baridi. Leo nampelekea mwenyewe, nielekeze."

Mama yake, aliyekuja siku hiyo kumsaidia na alikuwa mezani akifunga karanga, akageuka. "Bibi gani tena?"

"Hayupo," Shamimu alisema, akitazama miguu yake. "Nilimtunga ili watu wanunue."

"Na ile marahaba?" mzee aliuliza.

"Niliitikia mwenyewe."

Mama alijishika kichwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili kupokea shikamoo ya mzee!

"Shikamoo, Bibi Selestina," Mudi, muuza maji, alimtania, na wauzaji wakacheka. Shamimu alipiga magoti kwenye vumbi, machozi yakimtoka.

"Shikamoo, babu. Nisamehe."

Mzee alimshika bega. "Marahaba. Inuka. Wafanyabiashara wanatunga watu tangu sijazaliwa. Dukani kwetu palikuwa na kopo la majani ya chai lenye simba aliyevaa koti. Baadaye kwenye matangazo ya redio wakaja mke na mume, wanagombana mpaka sabuni iwapatanishe. Tulicheka, kwa sababu tulijua ni mchezo. Lakini huyu wako nilimwombea kanisani. Kutunga si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kumwacha mtu aamini."

Alirudi garini na blanketi lake.

Ijumaa iliyofuata Shamimu alisogea dirishani bila kuinua macho.

"Nani kazikaanga?" mzee aliuliza.

"Mama, babu. Uani kwetu."

"Huyo namjua. Nipe."