Bolti Nane za Roshani

Ndugu zangu mnaojenga, nanyi mnaolala chini ya vilivyojengwa, nipeni masikio kidogo. Haya yalimpata mtu ambaye hakuwa mwizi, wala mlevi, wala mvivu. Ndiyo maana nawasimulia.

Jumamosi hiyo asubuhi ua wao ulikuwa umetulia. Mama amekaa mkekani anapepeta mchele. Binti yake, mpaka rangi, anasuuza brashi kwenye ndoo. Kaka mtu, msimamizi wa ujenzi, anakunywa chai taratibu, miguu ameinyoosha juani. Watu walimwita Timazi, kwa kuwa ukuta aliousimamia yeye haukupinda hata unywele.

"Mama, huyu mwanao siku akioa, atampima mkewe kwanza kama amesimama wima," dada alisema.

"Na wewe mumeo atakutambua kwa harufu ya rangi kabla hajakuona uso," kaka akajibu.

Mama alicheka mpaka ungo ukamtikisika. Hapo simu ikalia. Alikuwa mtunza stoo wa kazini kwao: bolti za roshani zimefika, lakini msimamizi aje mwenyewe.

Walikuwa wanajenga zahanati ya ghorofa moja. Juu kungekuwa na roshani ambapo wagonjwa wangesubiri zamu zao. Mihimili yake ya chuma ingeshikwa ukutani na bolti nane, zile zinazoingizwa kwenye tundu la zege na kutanuka ndani kadiri zinavyokazwa, mpaka zinauma.

Timazi alipofika, mtunza stoo, mama wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa uzi, alikuwa ameweka bolti moja mezani, pembeni yake cheti cha ubora.

"Tazama mwenyewe, msimamizi. Cheti kinasema bolti ina herufi mbili kichwani. Hizi vichwa vitupu. Na namba ya kwenye boksi si hii ya kwenye cheti."

"Labda kiwanda kimebadilisha maboksi."

"Labda. Tuwaulize ofisi ya viwango. Wakisema bolti hizi zimeidhinishwa kubeba roshani, nitazitoa mimi kwa mikono yangu."

Ofisi ya viwango ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Mafundi walikuwa tayari juu ya jukwaa, mihimili imeshanyanyuliwa, na mkandarasi alikuwa amepiga simu mara mbili kuuliza wamefika wapi.

"Bolti ni bolti, mama," Timazi alisema. "Chuma hakijui kusoma."

Akavuta fomu ya ukaguzi. Ilikuwa na maswali matatu. Cheti kimesomwa? Bolti ni zile zile zilizotajwa kwenye cheti? Zimeidhinishwa kwa kazi hii? Akaweka alama ya ndiyo mara tatu, akatia saini. Mtunza stoo alivua miwani, akaifuta, kisha akamsogezea boksi.

Hebu tuseme kweli: hakuna aliyemhonga mtu huyu. Alichoka kusubiri tu. Siku mbili zilimshinda.

Wiki ya tatu dada yake alikuwa juu ya roshani hiyo anapaka rangi. Aliposhuka kunywa maji, alimfuata kaka yake.

"Kaka, kuna nati upande wa kushoto nimeizungusha kwa vidole."

"Nitamtuma fundi aikaze."

"Aliikaza juzi, nilikuwepo. Inakaza, kisha inalegea tena."

"Wewe shika brashi, mdogo wangu. Vyuma niachie mimi."

Aliyasema hayo akitabasamu, na dada naye akatabasamu, maana tangu utotoni kaka yake hakuwahi kumdanganya. Timazi alikusudia kwenda kuangalia mchana. Mchana akaitwa kwenye zege. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende. Lakini tende hiyo ikaota mguuni mwa mwingine.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alisikia mlio kama wa mlango unaong'olewa na fremu yake. Alipogeuka, roshani ilikuwa imeachana na ukuta upande mmoja, na upande wa pili ukawa unaifuata. Alikimbia. Alifukua kwa mikono mpaka kucha zikamtoka, akampata dada yake chini ya mhimili, nywele zake nyeupe kwa rangi.

Hospitali dada alikaa mpaka jioni ya siku iliyofuata. Alifumbua macho mara moja.

"Kuna mwingine aliyeumia?"

"Hapana. Ni wewe peke yako."

"Afadhali," alisema. Hakusema tena mpaka alipokata roho.

Baada ya mazishi mkandarasi alikuja pale uani, akaongea kwa upole. "Tutasema alirundika makopo ya rangi juu ya roshani kupita kiasi. Marehemu hashtakiwi. Na wewe una mama wa kumtunza."

Sitawaficha: kwa dakika chache Timazi alilitamani neno hilo. Akaingia chumbani kwa mama yake bado analo kinywani. Mama alikuwa anakunja nguo za binti yake, moja moja, anazilainisha kwa kiganja. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, zile bolti uliziangalia?"

Neno la mkandarasi akalimeza.

"Sikuziangalia, mama. Niliandika kwamba nimeziangalia."

Mama akaendelea kukunja.

Mbele ya wachunguzi alirudia maneno hayo hayo. Ikabainika kwamba bolti zile zilikuwa za kuning'inizia mabomba na dari nyepesi. Kubeba watu hazikuidhinishwa kamwe, na cheti kilikuwa cha bolti nyingine kabisa. Aliyeziuza alifungwa. Mkandarasi alifungwa. Timazi alifungwa miaka miwili, na akanyimwa kusimamia jengo lolote maisha yake yote.

Amesharudi nyumbani. Mama humwekea chakula. Akimwamkia, huitikia. Mama akishindwa kulala kwa maumivu, yeye humkandia miguu, naye mama hushukuru. Ila tangu siku ile ya nguo hajamwita tena "mwanangu".

FUNZO

Ndugu zangu, saini ni kiapo. Ukiandika "nimehakiki", umewaambia watu usiowajua kwamba wapite juu, nao watapita, na watoto wao mgongoni. Kwa hiyo soma cheti chote, si jina la juu tu. Linganisha alama na namba na kile ulichoshika mkononi. Uliza kama kimeidhinishwa kwa kazi hiyo hasa, si kwa kazi inayofanana nayo. Ofisi ikiwa imefungwa, ngoja ifunguliwe. Na mtu akikwambia nati imelegea, hata akiwa ameshika brashi tu, panda ukaangalie siku hiyo hiyo.