Mshono wa Suruali ya Inspekta

Sanamu la kuvalishia nguo lilikuwa uchi. Jana jioni lilivaa gauni la bibi harusi. Asubuhi hii lilibaki na pini moja begani. Inspekta, kwa haya zake, akageuza uso.

"Unaangalia ukuta?" Mama Mkasi, mwenye duka la ushonaji, alimfokea. "Ukuta ndio ulioiba?"

"Nachunguza mahali pa tukio, mama."

"Basi chunguza upesi. Harusi ni leo alasiri."

Ilikuwa kesi ya kwanza ya Inspekta. Mpaka majuzi alikuwa akiongoza magari njia panda, na bado alinyoosha mkono kila mtu alipotaka kupita. Bibi harusi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, nywele zimejaa vibanio, akilia kwa hasira. Kwenye cherehani ya nyuma alikaa mjane wa kaka yake Mama Mkasi. Mawifi hao walishona chumba kimoja, na salamu hawakupeana.

Kufuli halikuvunjwa. Inspekta akatangaza kwamba mwizi alipita dirishani.

"Hapo hapiti hata paka," mjane alisema.

"Nitawaonyesha."

Akapanda, akaingiza mguu, na suruali ikanasa kwenye komeo la dirisha na kuchanika kutoka kiunoni hadi gotini. Bibi harusi akaacha kulia, akacheka. Hilo lilimuuma Inspekta kuliko komeo lenyewe.

"Vua nikushonee," mjane alisema kwa ukali. "Mambo hayo sitaki kuyaona asubuhi yote hii."

Kwa hiyo mahojiano yaliendelea Inspekta akiwa amejifunga kipande cha pazia, ameegemea meza ya kupigia pasi.

"Nani alifunga duka jana?"

"Mimi," Mama Mkasi alijibu.

"Nani alifungua leo?"

"Huyo hapo." Alimwonyesha wifi yake kwa ncha ya mkasi. "Mkamate! Tangu kaka yangu afe ananitazama kama nimemuua mimi."

"Ushahidi?"

"Huo uso wake haukutoshi?"

"Uso si kielelezo, mama." Inspekta akamgeukia mjane. "Uliiba?"

"Askari mzima, swali lako ndilo hilo?"

Ukweli ni kwamba hakuwa na jingine.

Mjane akamtupia suruali. "Haya, jisitiri."

Inspekta akaikagua. Mshono ulinyooka vizuri, ila mwishoni ulirudiwa na kurudiwa hadi uzi ukafanya kinundu kigumu.

"Hapa mwisho pamefanywa nini?"

"Ndivyo anavyoshona!" Mama Mkasi alidakia. "Mimi narudisha mshono mara moja, nakata. Yeye anarudisha na kurudisha kama anashona magunia. Nimemkanya mpaka nimechoka, ananimalizia uzi."

Inspekta akajishika paja. Kinundu cha namna hiyo hiyo kilikuwa kikimkwaruza paja tangu alipoegemea ile meza. Angekuwa amevaa suruali, asingekisikia. Akainama, akapapasa ukingo wa kigodoro cha kupigia pasi kilichotandikwa mezani, akakiona. Uzi ulikuwa mpya, kitambaa kikuukuu.

"Nipeni mkasi," alisema.

Akafumua. Gauni jeupe likatoka tumboni mwa kigodoro, limekunjwa kwa uangalifu.

"Mwizi!" Mama Mkasi alipiga kelele.

"Nimelichukua mimi, sikatai," mjane alisema. "Sasa mwulizeni wifi yangu hiyo lesi ya kifuani aliitoa wapi."

Mama Mkasi akanyoosha mkono kulichukua gauni.

"Ilitoka kwenye gauni langu la ndoa. Nililiweka sandukuni mume wangu alipofariki. Nilipokwenda kumuuguza mama yangu, huyu akalifungua sanduku. Narudi, lesi yangu iko kwenye sanamu, na gauni langu limekuwa matambara ya kufutia mafuta ya cherehani."

"Lesi kama hiyo haipatikani siku hizi! Na aliyeinunua ni kaka yangu!"

"Alininunulia mimi!"

"Kwa nini hukuja kuripoti?" Inspekta aliuliza.

"Kwa nani? Kwako?"

Inspekta akakaza fundo la pazia kiunoni.

"Mtie pingu!" Mama Mkasi alisema. "Unangoja nini?"

"Pingu ninayo moja, mama, na wezi mko wawili. Nianze na nani?"

Bibi harusi akainuka. Machozi yalikuwa yamekauka. "Mimi siolewi nimevaa ndoa ya mtu," alisema. "Fumua."

"Lakini kifua kitabaki kitupu..." Mama Mkasi alisema.

"Fumua!"

Mama Mkasi akashika wembe na kukaa chini. Mjane akamsimamia kichwani.

"Polepole. Ukikata uzi mmoja wa lesi, huyu anakutia pingu hata akiwa hana suruali."

Mshono wa Mama Mkasi, uliorudishwa mara moja tu, ukafumuka bila taabu. Mjane akaipokea lesi, akainyoosha mapajani, na hapo ndipo alipolia. Inspekta akageukia ukuta avae suruali, na safari hii hakuna aliyemuuliza anaangalia nini.